Kilio cha Jumapili Alasiri

Simu ya Yeshimebet iliita mwenyewe akiwa kanisani. Alikuwa ameiacha jikoni inachajiwa, na mumewe Asrat, aliyekuwa akinyoa ndevu, akaipokea povu likiwa bado shavuni. Aliyepiga alikuwa Demissew, kaka yake Yeshimebet, kutoka Debre Berhan.

"Shemeji, dada yangu yuko hapo karibu?"

"Hapana, niko peke yangu."

"Afadhali. Sikiliza. Mama ametutoka. Alfajiri hii, kimya kimya tu, hata jirani hakumsumbua." Demissew akajikaza. "Tunazika leo saa tisa. Mlete dada yangu. Lakini usithubutu kumwambia njiani! Mwambie mama anaumwa kidogo. Akishafika tutamwambia sisi wenyewe, kwa utaratibu."

Kutoka Gulele, mtaa wao wa Addis Ababa, hadi Debre Berhan si mbali. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda, na mtu akiondoka baada ya misa angefika, akalia, akanawa uso, akamsindikiza mama yake makaburini bila kukimbizana na mtu. Asrat alilijua hilo. Alijitazama kwenye kioo, upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine mweupe, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Yeshi ana homa, shemeji. Tangu juzi. Sasa hivi amelala, hata kusimama hawezi."

"Masikini dada yangu! Basi asisafiri, tusije tukazika wawili. Kesho alfajiri waite wazee, mumwambie hapo hapo nyumbani. Nitampigia mwenyekiti wa chama chenu cha kuzikana ajipange."

"Sawa, shemeji. Pole sana."

"Poleni nanyi."

Asrat aliizima simu kabisa, akaitia mfukoni mwa koti lake la maonyesho. Kisha akamalizia kunyoa.

Msimwone katili. Au mwoneni, lakini mjue kwanza alichokuwa nacho mkononi. Kwenye kumbi za michezo ya kuigiza za Addis Ababa mchezo hupewa siku yake ya wiki. Ukishapewa Jumapili, Jumapili ni yako. Watu watakuja mwaka huu na mwaka ujao, waigizaji watazeeka na nguo zilezile, na wewe mwandishi utasalimiwa barabarani na watu usiowajua. Asrat Wubishet alikuwa ameandika michezo tangu akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Mingi ilirudishwa. Mmoja ulionyeshwa mara moja, umeme ukakatika kitendo cha pili, na hakuna aliyerudi kuuliza uliishaje. Kwa kula, alifundisha uigizaji kwenye jumba la vijana la mtaa, na wanafunzi wake waliotoboa sasa walikuwa kwenye televisheni; walipompita barabarani walimpigia honi, wakamwita "Mwalimu wetu!" na kuongeza mwendo.

Leo, saa nane mchana, kamati ya ukumbi ilikuwa inakuja kuutazama mchezo wake, *Mlango wa Mama*. Wakiupenda, Jumapili ni yake. Wasipoupenda, mwenyekiti wa kamati alishamwambia kwa upole ule unaoumiza kuliko tusi kwamba labda umefika wakati wa kuwaachia vijana.

Na mhusika mkuu alikuwa mkewe. Hakupanga iwe hivyo. Mwanafunzi wake Selamawit, aliyekuwa na nafasi hiyo, aliondoka mazoezi yakiwa ukingoni, akaenda kutangaza mafuta ya kupikia. Yeshimebet, aliyeliacha jukwaa alipomzaa Meklit na tangu hapo akawa anapika injera, mikate myembamba ya chachu, za kuuza mahotelini, alijifunza maneno yote mbele ya kikaango, moshi ukimwingia machoni. Alikuwa mzuri kila mahali isipokuwa kitendo cha tatu, pale mwanamke anapomkuta mama yake amekufa.

"Unalia kama mtu anayekatakata vitunguu," Asrat alimwambia kwenye mazoezi, mbele ya watu wote. "Usikiigize kilio, Yeshi. Kitafute."

"Nikitafute wapi? Mama yangu mzima, juzi tu amenitumia siagi."

Watu walicheka siku hiyo. Hata Asrat alicheka.

Yeshimebet alirudi kutoka kanisani ana furaha, amemwashia Mtakatifu Gabrieli mshumaa kwa ajili ya mchezo. Alimkuta Meklit, binti yao wa chuo cha uuguzi, amesimama jikoni na macho mekundu.

"Una nini wewe?"

"Vitunguu, mama."

"Vitunguu viko wapi?"

"Nimeshavitupa. Vilikuwa vimeoza."

Meklit alikuwa ameyasikia mazungumzo ya simu akiwa nyuma ya pazia la chumba chake. Mama yake alipoingia kubadili nguo, alimfuata Asrat uani, akamshika mkono wa shati.

"Baba, mwambie. Anawahi bado."

"Habari ya msiba haitolewi mchana, mtu yuko njiani, tumbo tupu. Unataka aanguke?"

"Basi twende naye tu. Tusimwambie, lakini twende naye! Mjomba si ndivyo alivyosema?"

"Na kamati?" Asrat alisema, akashtuka mwenyewe kulisikia neno hilo limetoka wazi hivyo. Akateremsha sauti. "Mwanangu, bibi ameshafariki. Hatumrudishi. Mama yako ameteseka na mimi miaka yote hii, na leo ndiyo siku yake pia. Kesho alfajiri nitamwambia mimi mwenyewe, nitampigia magoti."

"Utampigia magoti ya kweli au ya mchezo?"

Angeweza kumzaba kofi. Hakumzaba; aliuvuta mkono wa shati ukamtoka binti yake vidoleni.

"Mbona simu yangu siioni?" Yeshimebet aliuliza kutoka ndani. "Nilitaka kumpigia mama aniombee."

"Umeme ulikatika, haina chaji," Asrat akajibu. "Twende, tutachelewa. Atakuombea tu."

Mlangoni walikutana na Mama Askale, jirani wa ukuta mmoja, na nyuma yake Mzee Balcha, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Demissew alikuwa ameshampigia. Walikuja polepole, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa wa homa, wakamwona mgonjwa mwenyewe anatoka na kanzu mpya ya mapindo mekundu na wanja machoni.

"Ee, Mama Askale! Mbona mmeninunia? Mnakuja kunitazama au hamji?"

Mama Askale aliutazama wanja ule. Mama yake Yeshimebet alikuwa akija kila mwaka kukaa kwa bintiye wakati wa mfungo mkuu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda cha Mama Askale, wakichambua dengu pamoja, wakisengenya mapadri. "Tunakuja, mwanangu," akasema mwishowe. "Tutakuwepo."

Yeshimebet alipotangulia na binti yake, Mama Askale alimgeukia Asrat. "Homa iko wapi?"

"Mama Askale, tafadhali..."

"Nakuuliza homa iko wapi! Mkweo anazikwa leo, na wewe unampeleka mtoto wake akacheze?"

"Kesho alfajiri. Kwa utaratibu. Nyinyi wazee ndio mliotufundisha: anayeropoka habari ya msiba njiani hana adabu. Sasa mnataka niropoke?"

Mzee Balcha aligonga fimbo yake chini. Alikuwa amebanwa na alijua amebanwa. Kwa umri wake wote hakuwahi kusikia mtu akiishika mila kwa mkono mchafu namna ile, lakini mila ilikuwa mila. "Sawa, Mwalimu. Hatutaropoka. Lakini hatumwachi peke yake. Mtu wetu akiwa na msiba tunakwenda aliko. Akiwa ukumbini, tutakwenda ukumbini."

Na Asrat, Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba viti vingejaa.

Hawakuwa watu wa ukumbi. Walinunua tiketi kama watu wanaonunua mishumaa, bila kuuliza mchezo unahusu nini, wakaenda kukaa safu ya mbele kabisa, kwa sababu kwenye hema la msiba walio karibu na mfiwa hukaa mbele. Mwenye kwenda kwenye michezo anajua safu ya mbele si mahali pa kukaa: shingo inauma, na mwanga wa jukwaa unakumwagikia usoni. Wao hawakujua. Mtaa mzima ulikaa pale, wanawake na netela zao, shuka nyeupe nyepesi za kujitanda, mabegani, wanaume na kofia magotini. Nyuma yao, katikati, kamati ya watu wanne na suti zao. Nyuma zaidi, wanafunzi wa Asrat na viti vitupu.

Kitendo cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kilimchekesha mwenyekiti wa kamati mara mbili; Asrat alimwona kupitia tundu la pazia la pembeni. Safu ya mbele haikucheka hata kidogo.

"Mbona jirani zangu wamenuna vile?" Yeshimebet alinong'ona wakati wa kubadili mandhari, akifunga kilemba. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Hawajazoea tu." Asrat alimtengenezea kilemba. "Sasa kitendo cha tatu. Kumbuka nilichokwambia."

"Nikitafute."

"Ndiyo."

Meklit, aliyekuwa ameshika kamba ya pazia, aligeuza uso ukutani.

Kitendo cha tatu kinaanza mwanamke akibisha mlango wa mama yake. Anabisha, anaita, anatania, anasema amechoka na mzigo, kisha anausukuma mlango unafunguka. Kitanda, na mtu aliyefunikwa shuka. Yeshimebet alipiga magoti kando ya kitanda, akasema maneno yake.

"Mama, amka. Jua limefika mlangoni na mimi nimekuja mikono mitupu. Mama, nani atanifokea sasa?"

Yalikuwa maneno ya kuandikwa, na aliyasema kama mtu anayesema maneno ya kuandikwa. Lakini kule mbele kilio kilipanda. Alianza Mama Askale, kwa sauti nyembamba ya pua, halafu mwingine, halafu wote. Yeshimebet alisikia. Moyo wake uliruka kwa furaha. Alidhani hatimaye amekipata. Akaongeza sauti, akajipiga kifua, na machozi ya kweli yakaanza kumtoka, machozi ya mtu aliyefanikiwa.

Mama Askale hakuweza tena. Mkono wake ulifanya wenyewe kazi uliyoizoea kwenye kila msiba: ulishika netela ukaigeuza, pindo la chini likaja juu mabegani. Wanawake walipomwona mkubwa wao amegeuza, nao wakageuza, mmoja baada ya mwingine. Walidhani aliye juu kwenye mwanga hawaoni walio chini.

Yeshimebet aliinua macho akaona.

Alifuta machozi ili aone vizuri. Mama Askale. Mke wa fundi viatu. Mabinti wa Mzee Balcha. Netela zote zimegeuzwa, na nyuso zote zimemwelekea yeye. Mtaa mzima umevaa msiba na mtu mmoja tu hajui. Kwetu jambo hilo lina maana moja.

Aliinuka, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. Sauti aliyoitumia haikuwa ya jukwaani. Walio nyuma waliegemea mbele ili wasikie.

"Mama Askale. Ni mama?"

Mama Askale akafunika uso.

"Ni mama yangu?"

"Ni yeye, mwanangu," alisema Mzee Balcha, akasimama, kofia kifuani.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Wanamzika lini?"

Mzee Balcha alitazama saa yake, na hakuna aliyemtuma kuitazama. "Ndiyo sasa hivi wanamzika, mwanangu. Saa tisa."

Yeshimebet aligeuza kichwa kuelekea pembeni mwa jukwaa, ambako mumewe alikuwa amesimama na daftari la maneno mkononi. Walitazamana. Na hapo Asrat alifanya kitu ambacho mpaka leo hajui kilitoka wapi, pengine ni mazoea ya miaka mingi ya kumwokoa mwigizaji aliyenyamaza: alimnong'onezea mstari unaofuata.

"'Nifungulie mlango, mama.'"

Hakulia. Alimtazama kidogo tu, kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine, kisha akashuka kwa ngazi za mbele, akaingia katikati ya jirani zake. Wakamfunika kwa netela zao, wakatoka naye nje kwa mlango wa watazamaji. Meklit akaachia kamba, pazia likaanguka, naye akakimbia kuwafuata.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Halafu mtu wa kamati akapiga makofi, na wengine watatu wakasimama.

"Miaka yote hii ulikuwa umekificha wapi kitu kama hiki, Mwalimu?" Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani ya kamba, na macho yake yalikuwa na unyevu. "Kuwapachika waigizaji miongoni mwa watazamaji! Yule mzee wa kofia umempata wapi? Na ile 'Ni mama?' Hivyo tu, maneno mawili! Mimi nililia, na mimi silii."

Asrat alikuwa bado na daftari mkononi. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, kubwa ya kutosha mtu mzima kupita. Angesema: yule mzee ni jirani yangu, yule mwanamke amefiwa kweli, na mimi ndiye niliyemficha. Angeipoteza Jumapili, lakini angekimbia nje akiwa na kitu cha kumwambia mkewe.

"Asanteni," alisema.

"Jumapili ni yako. Ila usibadilishe hata neno. Hasa mwisho ule."

Alipotoka nje, barabara ilikuwa tupu. Chama cha kuzikana kilikuwa kimekodi gari, na mfiwa alikuwa njiani kuelekea kaburi lililokwisha kufukiwa.

Yeshimebet alibaki kwao, na Selamawit alikubali kurudi jukwaani, kwa malipo ambayo Asrat aliyapata kwa kuuza kikaango kikubwa cha injera cha mkewe na majiko yake. Aliandika mwisho ule kwenye daftari, neno kwa neno, na vijana wake wa mazoezi wakakaa safu ya mbele na netela za kuazima. Jumapili ya kwanza watu walijaa. Ya pili walijaa kiasi. Selamawit alisema "Ni mama?" kwa sauti nzuri aliyoifanyia kazi, mkono mmoja shingoni, na mahali fulani gizani mtu akapiga chafya.

Mama Askale hakwenda tena, lakini mtaani hakuna lisilofika. Mtoto wa fundi viatu ndiye aliyemtamkia Asrat wazi, dukani, mbele ya watu: "Mwalimu, na mkeo akifa utatuuzia tiketi?" Muuza duka alimkemea kijana. Lakini alimkemea baada ya kumaliza kucheka.

Kisha mwenyekiti wa kamati akamwita. Hakumkaribisha kahawa. "Kimepotea, Mwalimu. Sijui nini, lakini kimepotea. Mrudishe yule mwanamke wa siku ile. Bila yeye, Jumapili itabidi tuwape vijana wa vichekesho."

Ndivyo Asrat alivyokwenda Debre Berhan kwenye arobaini ya mama mkwe wake. Angekwenda hata hivyo, alijiambia kwenye basi. Alijiambia mara nyingi.

Hema lilikuwa uani, mapadri wameshasoma na kuondoka, wageni wanakula. Demissew alimwona akiingia, akageuka akaanza kuongea na mtu mwingine. Meklit alikuwa anapitisha mikate. Alimsalimia baba yake kwa kichwa, kama mtu wa mbali, akapita. Hakuna aliyemfukuza. Angefukuzwa angejua pa kushika.

Yeshimebet alikuwa kwenye nguo nyeusi, nywele amezinyoa kabisa, akinawisha wageni mikono. Alifika kwa Asrat kwa zamu yake. Akammiminia maji kama alivyowamiminia wengine, akampa kitambaa.

"Yeshi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Umekuja kuomba msamaha, au umekuja kunichukua kwa ajili ya Jumapili?"

Angedanganya, lakini uongo ulikuwa umemwisha. "Vyote viwili," akasema.

Yeshimebet akatikisa kichwa polepole. Hakuonyesha hasira, na hapo ndipo Asrat alipoogopa.

"Nikwambie kitu, Asrat. Siku ile nilifika hapa usiku. Wakanipeleka kaburini kulipokucha, shangazi zangu wote wamesimama wananisubiri nilie. Macho yalikuwa makavu. Nilijipiga kifua, hakuna kitu. Nikajiambia: usikiigize, kitafute. Sikukipata. Kilio cha mama yangu nilishakitoa kwenye ukumbi wako, nikifurahi kwamba nimecheza vizuri, na waliokisikia walikuwa wamekata tiketi. Huku wananiita mtoto asiye na uchungu. Na mimi sina cha kuwajibu, kwa sababu mama amezikwa na mtoto wake yuko jukwaani anamlilia kitanda cha mbao."

Asrat alikuwa ameinamisha kichwa. Maji yalidondoka kutoka mikononi mwake. Alisikia uchungu, wa kweli. Na pamoja na uchungu, kitu kingine ndani yake, kizee, kisicho na aibu, kilikuwa kimeyashika yale maneno na kuyapanga. *Anamlilia kitanda cha mbao.* Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

Yeshimebet aliitazama ile midomo. Alikuwa amelala kando yake miaka mingi akiiona ikichezacheza gizani.

"Unayakariri," alisema.

"Hapana, Yeshi. Haki ya Mungu... hapana."

"Unayakariri, Asrat." Akachukua kitambaa kutoka mikononi mwake, akakikunja. "Haya. Yaandike vizuri, yule msichana asiyakosee."

Akainua birika, akamgeukia mgeni anayefuata.